Vidole vya Mama Pini: Miaka Thelathini na Mmoja Idarani

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Mkuu wa karakana ya kompyuta ya Idara yetu ya Maji atavua koti lake la bluu na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia idara kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Jina lake la kwenye faili wanalo watu wa utumishi. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi Meneja mwenyewe, tunamwita Mama Pini, na hilo ndilo nitakaloandika hapa, maana nikiandika jingine nusu ya ukumbi mtaulizana huyo ni nani.

Nimepewa kurasa chache za programu hii ya sherehe ya kumuaga na nimeonywa nisizidishe. Walionionya wananijua. Mimi ndiye fundi ambaye Mama Pini alimbandika jina la Redio siku yake ya tatu kazini, miaka kumi na minne iliyopita, kwa sababu nilikuwa naongea huku nafungua kompyuta, naongea huku naifunga, na naongea zaidi ikikataa kuwaka. Leo nina furaha kupita kiasi. Niseme mapema kwa nini: karakana haifungwi! Wengi wenu mnajua kwamba mwanzoni mwa mwaka tuliambiwa Mama Pini akiondoka, karakana nayo iondoke; sisi mafundi watatu tunaobaki tutawanywe kwenye madirisha ya kupokea malalamiko ya wateja, na kompyuta za idara ziwe zinatengenezwa na kampuni ya nje. Jinsi jambo hilo lilivyogeuka nitaeleza. Kwanza tumjue mama mwenyewe.

Alianza kazi hapa kama mpiga taipu. Chumba chao kilikuwa pale ambapo sasa ni stoo ya mita, meza sita zimepangwa mbili mbili, na inasemekana alikuwa anaandika barua huku anachungulia dirishani na hakosei herufi hata moja. Mwaka wake wa pili zikaletwa kompyuta tano za kwanza, ndani ya maboksi, kwa lori, kwenye barabara mnayoijua. Aliyezileta alizipanga mezani, akawasha nne, ya tano ikakataa. Akasema imekufa, akapanda lori akaenda zake. Bosi wa wakati huo akaagiza ifunikwe kitambaa isishike vumbi.

Mama Pini akakaa karibu wiki nzima akiitazama. Siku ya Ijumaa, wenzake wakiwa kwenye chakula cha mchana, aliifungua kwa kisu cha kukatia bahasha. Hakuwa amewahi kuona ubao mama, ile bodi pana iliyo ndani ya kila kompyuta, ambayo vitu vingine vyote huchomekwa juu yake. Alichofanya ni kile alichokuwa anakifanya kwenye taipureta: alipitisha vidole, polepole, kutoka pembe hadi pembe, akitafuta kitu ambacho hakijakaa sawa. Akakuta kile kipande chembamba cha kumbukumbu tunachokiita ramu kimechomoka upande mmoja kwa mtikisiko wa njiani. Akakikandamiza. Vile vishikizo viwili vya pembeni vikajifunga, tak, tak. Kompyuta ikawaka. Bosi aliporudi akakuta maiti inaandika barua.

Baada ya hapo nani angemrudisha kwenye taipu? Alipelekwa kozi ya miezi sita, akarudi wa kwanza darasani, akakabidhiwa chumba cha mwisho wa korido chenye dirisha moja na meza ndefu, na hapo ndipo karakana ilipozaliwa. Kwa hesabu ya daftari lake mwenyewe, amefufua mashine elfu nne mia mbili na kumi na saba. Daftari hilo lina safu ya mwisho aliyoiandika "Aliyeharibu", na viongozi wa meza kuu leo wasiwe na wasiwasi, nimekatazwa kulisoma hadharani.

Sasa nije kwenye utaratibu wake, ambao ulitutesa sote. Kwa Mama Pini hupewi bisibisi mpaka umeisoma bodi kwa vidole. Anakufunga kitambaa machoni, anakuwekea mbele bodi iliyokufa, na unaanza. Hii ndefu yenye vishikizo ni sloti, yaani mfereji wa kuchomekea, ya ramu. Hii ndefu zaidi, yenye kishikizo kimoja mwishoni, ni ya kadi ya picha. Hizi fupi ni za kadi ndogo. Huu mraba wenye mkono wa chuma pembeni ni soketi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, na hapo vidole vinasimama, haviingii, kwa sababu ndani mna pini zaidi ya elfu moja nyembamba kama nywele, na kidole kimoja chenye kiherehere kinatosha kuzilaza. Mimi kitambaa nilifungwa siku tisa. Dada Kimya, fundi mwenzetu ambaye kwa siku nzima hutamka labda maneno kumi, alifungwa siku mbili tu.

Sehemu ya pili ya utaratibu ilikuwa mbaya zaidi. Kazi ikiisha, kabla ya kubonyeza swichi, unaweka kidole kwenye kila kiungio cha bodi na unataja kwa sauti: hiki ni nini, kinafanya nini, kimechomekwa nini. Kuanzia plagi kubwa ya umeme mpaka vile vijipini vya taa ya mbele ambavyo hata mchwa angevidharau. Kwa sauti, kila mashine, kila siku, hata kama una uzoefu wa miaka mia. Tuliita kutaja. Watu wakipita koridoni walikuwa wanasikia watu wazima wenye familia zao wanasoma kama watoto wa chekechea, na walikuwa wanacheka. Mimi kutaja nilikuwa nakuonea aibu mpaka masikio yanapata moto. Kumbukeni aibu hiyo, kwa sababu ilikaribia kutuponza.

Mwenzetu mwingine anaitwa Nyundo, na jina hilo amelitolea jasho. Sloti ya ramu ina kiulimi kidogo kisichokuwa katikati, na ramu yenyewe ina pengo la kukaa juu ya kiulimi hicho, makusudi, ili usiweze kuigeuza. Nyundo aliweza. Aliikandamiza kinyume kwa nguvu zake zote, akawasha, tukaona moshi mwembamba unapanda taratibu. Mama Pini hakumfokea. Alimwamuru kila asubuhi kwa wiki mbili aingie karakanani, ainame mezani na kuisalimia sloti kwa adabu, shikamoo sloti, ndipo anywe chai. Nyundo ana kilo tisini na tano. Mkuu wa utumishi alimkuta siku ya nne, akatoka bila kuuliza kitu.

Kuna na ile ya karani wa maunganisho mapya, ambaye barua zake zilikuwa zinatoka na tarehe za miaka ishirini nyuma. Mteja mmoja alipongezwa kwa kupata maji kabla nyumba yake haijajengwa, na mwingine akaja na barua kuuliza vipi aliomba maji akiwa darasa la pili. Kila mtu alikuwa ameshamhukumu karani kwa uzembe. Mama Pini akafungua mashine, akachomoa betri ya duara kama kifungo cha koti, ile inayoiwezesha bodi kukumbuka saa hata umeme ukizimwa, akaweka mpya, akaondoka. Karani yule hadi leo humwita mama mzazi.

Nyumbani nako hakuko salama. Baba, mume wake, ni fundi cherehani, na anasema mke wake alimwibia sindano yake bora kabisa ili akanyooshee pini za soketi zilizolazwa na fundi mmoja ambaye kwa leo tusimtaje, ila ana kilo tisini na tano. Alizinyoosha pini kumi na saba kwa lenzi na sindano, kwa siku mbili, akipumua kwa zamu. Prosesa ikakaa, mashine ikafanya kazi miaka sita mingine. Sindano haikurudi. Binti yao ambaye ni muuguzi anasema kwao hakuna redio, feni wala pasi ambayo haijawahi kuulizwa na mama yao inaumwa wapi.

Basi tuje kwenye lile la karakana.

Chumba cha kuongozea pampu kina kompyuta moja ambayo bila hiyo waendeshaji hawajui tangi gani limejaa na pampu gani imezima. Ndani yake kuna kadi ndefu inayozungumza na pampu zote, na kadi hiyo ni ya zama zile: inaingia kwenye sloti nyeupe ya mtindo wa zamani, ambayo bodi nyingi za siku hizi hazina kabisa. Mwezi wa tatu kompyuta hiyo ikaanza kujizima yenyewe, bodi imechoka. Kampuni ya nje ikaja ikasema hakuna namna, ng'oeni mfumo mzima. Mama Pini akasema namna ipo. Kwenye rafu yake alikuwa amehifadhi bodi ambayo ina soketi ya prosesa ya kisasa kidogo na, pale chini pembeni, sloti nyeupe moja tu ya zamani.

Meneja wetu ni mtu wa haki, nami nasema hivyo nikijua atasoma. Aliweka sharti lake wazi. Tatizo lake na karakana, alisema, ni kwamba yote iko kichwani mwa mtu mmoja anayeondoka. Kwa hiyo mafundi waihamishe mashine ya pampu kwenye bodi hiyo bila mkono wala mdomo wa Mama Pini. Pampu zikionekana kwenye skrini kabla ya saa tisa, muda ambao usukumaji wa maji wa mchana huanza, karakana inabaki. Zisipoonekana, inafungwa siku ya kustaafu kwake. Mama Pini akakubali papo hapo, akaahidi hatatamka neno wala kukonyeza. Akaniteua mimi kufanya kazi. Nyundo alinipa pole.

Siku hiyo chumba kilijaa. Meneja, wahandisi wawili, mkuu wa utumishi, waendeshaji wa pampu, na wageni wawili wa kampuni ya nje waliovaa mashati meupe yaliyopigwa pasi mpaka yakawa na makali. Mama Pini alikaa kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani. Nikaanza. Jamani, nilikuwa moto! Nikanyanyua mkono wa soketi, nikalinganisha kile kipembetatu cha pembeni na cha prosesa, nikailaza bila kuisukuma, nikafunga. Grisi ya kupitisha joto, punje moja ya dengu. Kipoozeo juu yake, feni yake kwenye pini nne. Ramu mbili kwenye sloti za rangi moja, tak, tak. Diski na kebo yake. Plagi kubwa ya pini ishirini na nne. Kadi ya pampu kwenye sloti nyeupe, ikaingia kama iliyorudi kwao. Vijipini vya swichi ya mbele, kimoja kimoja. Saa nane kasoro dakika kumi nilikuwa nimemaliza.

Ilikuwa wakati wa kutaja. Nikawatazama wale wageni wa mashati meupe. Mimi, mtu mzima, mvi zimeanza, nianze kugusa vitu na kutamka hii ni plagi, hii ni ramu? Mimi Redio, ambaye sijawahi kunyamaza popote, siku hiyo nikanyamaza. Nikabonyeza swichi.

Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, watu wakapiga makofi. Skrini nyeusi. Nikazima nikawasha. Nyeusi. Nikatoa ramu nikazirudisha, nikabadilisha kebo ya skrini. Nyeusi tii. Ilikuwa saa nane na dakika tano, na mgeni mmoja alikuwa anatazama saa ya ukutani kwa raha ambayo sitaisahau. Nikageuka kumtazama Mama Pini. Alikuwa amekaza midomo. Akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka nje, akafunga mlango taratibu.

Nyundo akaninong'oneza, "Amekata tamaa, ndugu yangu." Niliamini hivyo hivyo. Nilifikiri amegoma kukaa kuitazama kazi ya maisha yake ikifa mikononi mwangu, tena mbele za watu. Nilitaka kulia, na sioni haya kuliandika.

Ndipo Dada Kimya, aliyekuwa amenishikia tochi muda wote, akatumia maneno mawili katika kumi yake ya siku. "Redio, taja."

Nikaweka kidole kwenye bodi. Sauti ilitoka nyembamba. Hii ni plagi kubwa, pini ishirini na nne, inapeleka umeme kwenye bodi yote, imechomekwa. Hizi ni sloti za ramu, mbili zimejaa. Hii ni feni ya prosesa, pini nne. Mgeni mmoja akacheka puani. Nikapandisha sauti. Nyundo akajiunga nami, kisha na Dada Kimya, watu watatu tunasoma bodi kwa sauti mbele ya Meneja! Kidole kikapita juu ya soketi, kikapanda mpaka pembe ya juu kabisa, nyuma ya kipoozeo, mahali ambapo macho hayafiki. Hii ni plagi ya pini nane, inapeleka umeme kwa prosesa peke yake, imechomekwa... Haikuwa imechomekwa. Chini ya kidole changu kulikuwa na matundu manane matupu. Waya wake ulikuwa umejificha nyuma ya kasha muda wote huo. Ndiyo maana feni ilizunguka na skrini ikabaki gizani: bodi ilikuwa imekula, prosesa ilikuwa na njaa.

Nikachomeka. Nikataja mpaka mwisho, hadi kijipini cha mwisho. Saa nane na dakika thelathini na nne nikabonyeza. Mlio mmoja mfupi, skrini nyeupe, halafu orodha ya pampu ikaanza kushuka, moja, mbili, tatu, zote kumi na moja za kijani! Waendeshaji walipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Meneja alimkumbatia Nyundo kwa makosa, kisha akanitafuta mimi. Mama Pini akarudi akiwa na kikombe cha chai, akaniwekea mezani, na kwa vile ahadi ilikuwa imekwisha akaniambia, "Punguza sauti, mwanangu, unasikika hadi getini." Barua ya Meneja ilifika Jumatatu: karakana inabaki, mafundi wote watatu wanabaki, na fundi mmoja mpya ataajiriwa. Atafungwa kitambaa kama sisi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzangu, tunakushukuru Mama Pini kwa kila mashine, kila kitambaa, na kila mara uliyotuacha tukosee bila kutudhalilisha. Tunamshukuru Baba kwa kutuazima mke miaka yote hii, na sindano tutamnunulia.

Nilidhani programu inaishia hapo. Jana asubuhi katibu muhtasi wa Meneja akaniita nisaini fomu ya makabidhiano ya karakana. Nikamuuliza ya lini, akanijibu ipo kwenye faili tangu siku ile ya pampu. Alisema Mama Pini aliingia ofisini kwake na mkoba, akaomba fomu, akakaa akaijaza kwa mwandiko wake ule ulionyooka, akaweka funguo zote juu yake, ndipo akaomba maji ya moto ya chai. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Anayepokea: Redio, na chini yake jina langu kamili. Hali ya mashine ya pampu: inafanya kazi. Muda: saa nane na dakika kumi na mbili.

Saa nane na dakika kumi na mbili, mama, skrini ilikuwa nyeusi na mimi nilikuwa natafuta pa kujificha. Nimesaini chini ya jina lako. Ilibidi nikae kwanza.

Pumzika kwa raha, mama yetu. Tunakuombea afya njema, wajukuu wenye adabu, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu zetu, na miaka ya furaha mingi kuliko hiyo uliyotupa.